Mwongozo kamili: kusoma alama za koo kwenye dinari za Roma, jina kwanza picha baadaye

Ukiona tembo kwenye sarafu ya fedha ya Roma, kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyevuka milima ya Alps na tembo kuivamia Roma, na hapo hapo ndo wengi tunapotea njia. Tembo yule mara nyingi ni mali ya ukoo mmoja, akina Metellus, ambao walimweka kwenye sarafu zao kwa karibu miaka 80 sababu babu yao aliwateka tembo wa Carthage vitani Sicilia mwaka 250 KK. Nimekaa na hizi sarafu miaka kadhaa sasa, nyingi kwenye skrini na chache mkononi, na makosa karibu yote niliyofanya mwanzoni yalitoka sehemu moja: nilikuwa naangalia picha kabla sijasoma jina.

Neno dinari tunalo siku zote kwenye Kiswahili, wale vibarua wa shamba la mizabibu walilipwa dinari moja moja, na Yesu alipoulizwa habari ya kodi aliomba aonyeshwe dinari, halafu akauliza sanamu ni ya nani na maandishi ni ya nani. Maswali mawili tu, na mpaka leo hakuna njia bora ya kuanza. Dinari ya kwenye Injili inaonyesha kaisari. Hizi tunazozungumzia hapa ni za zamani zaidi, kabla Roma haijawa na kaisari, wakati nchi inaendeshwa na koo kubwa zinazogombea vyeo kila mwaka.

Kwanza ujue nani alikuwa anachagua hizo picha

Dinari ilianza kama mwaka 211 KK, katikati ya vita na huyo huyo Hannibal. Ilikuwa na thamani ya asi 10 za shaba, ndo maana za mwanzo zina alama ya X, na baadaye, kama mwaka 141 KK, ikapandishwa kuwa asi 16. Zilikuwa zinagongwa kwa nyundo kwenye karakana karibu na hekalu la mungu wa kike Juno Moneta kwenye kilima cha Capitolium (neno la Kiingereza la pesa limetokana na hilo jina Moneta), na kazi ilisimamiwa na vijana watatu waliobadilishwa kila mwaka. Hawa vijana wanatoka familia zenye majina, wako mwanzo kabisa wa safari ya siasa, miaka michache mbele wataomba kura za vyeo vikubwa hadi ukonsuli, cheo cha juu kabisa. Sasa mpe kijana wa namna hiyo mamlaka ya kuchora kitu kitakachopita kwenye mikono ya kila askari na kila muuza mkate, atachora nini? Atachora majigambo ya ukoo wake.

Mwanzoni hawakuthubutu. Sarafu zote zinafanana, kichwa cha mungu wa kike Roma amevaa kofia ya chuma yenye mabawa, nyuma wale mapacha Castor na Pollux juu ya farasi, na kijana anaishia kuficha herufi mbili tatu za jina lake au kaalama kadogo. Mwaka 139 KK kura za kuchagua viongozi zikawa za siri, na kuanzia kama 137 KK picha za koo zinaanza kufunguka, na wasomi wengi wanaona mambo hayo mawili yanahusiana: ukishindwa kumkodolea macho mpiga kura itabidi umkumbushe kwa njia nyingine. Mwaka huo wa 137 Sextus Pompeius aliweka mbwa mwitu jike anayenyonyesha mapacha Romulus na Remus, wale wa hadithi ya kuanzishwa Roma, na pembeni yupo mchungaji aliyewaokota, Faustulus. Kwa nini mchungaji? Soma maandishi, jina la huyo Pompeius linamalizikia na FOSTLVS, yaani anasema sisi ndo uzao wa yule mchungaji.

Hatua ya 1: pima, halafu piga picha vizuri

Tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu (0.01), zile ndogo za kupimia dhahabu zinatosha. Dinari za mwanzo kabisa zilikuwa kama gramu 4.5, ila za kipindi cha picha za koo zilikusudiwa kuwa kama gramu 3.9, na iliyochakaa kwa matumizi unaweza kuikuta na 3.5 hivi. Upana ni milimita 17 hadi 20, yaani ndogo kuliko watu wanavyodhani, ndo maana lenzi ya kukuza mara 10 sio anasa. Kwenye kupiga picha usitumie flashi, inaua kila kitu. Weka taa pembeni, chini, mwanga ulale juu ya sarafu, halafu uizungushe taratibu. Herufi ambayo ulikuwa huioni inajitokeza yenyewe kwa kivuli chake.

Hatua ya 2: soma jina herufi kwa herufi

Jina la Mrumi lina vipande vitatu. La kwanza ni la kuitwa nyumbani na linafupishwa: C ni Gaius (ndio, C, sio G), L ni Lucius, M ni Marcus, P ni Publius, Q ni Quintus, CN ni Gnaeus, TI ni Tiberius, SEX ni Sextus. La pili ni la ukoo mkubwa, mfano Caecilius, Junius, Cornelius. La tatu ni la tawi la ukoo, mara nyingi lilianza kama jina la utani la babu fulani, na hili la tatu ndo chimbuko la picha nyingi sana. Shida ni kwamba sarafu ni ndogo kwa hiyo anaweza kuandika vipande viwili tu, au kimoja, na herufi zinaunganishwa, A na L zinashea mguu, T na A zinapandana. Herufi U inaandikwa V. Ukikuta F baada ya herufi moja maana yake ni mwana wa, ukikuta N ni mjukuu wa.

Usiruke hiyo F. Chukua ile ya 127 KK iliyoandikwa M·METELLVS·Q·F. Inasema Marcus Metellus mwana wa Quintus. Quintus yupi? Huyo Metellus aliyeshinda vita Makedonia mwaka 148 KK akapewa jina la heshima Macedonicus. Sasa geuza macho kwenye picha, ni ngao ya duara yenye mapambo ya Kimakedonia, na katikati kabisa ya ngao, pale kwenye kitovu, kuna kichwa cha tembo. Ngao ni ya baba, tembo ni wa babu wa zamani wa vita vya Sicilia. Vizazi viwili kwenye duara la milimita 18, na kama ungeanza na picha ungekaa unajiuliza Makedonia na tembo vinahusiana vipi, vitabu vyote ungefungua na usingepata jibu.

Hatua ya 3: tenga alama za ukoo na alama za karakana

Hapa wageni wote wanaangukia. Nyuma ya kichwa kwenye dinari nyingi kuna kakitu, nanga, samaki, herufi, namba, na unaanza kutafuta ukoo wa samaki. Nyingi za hizo ni alama za kuhesabia mihuri ya chuma iliyotumika kugonga, hazina habari na familia. Lucius Papius mwaka 79 KK alitumia zaidi ya jozi 200 za vitu vya kila siku, kila jozi kimoja mbele kimoja nyuma, vitu vya fundi na vya nyumbani, hauwezi kuwa na mababu 200 wote mafundi.

Namna ya kujua ni rahisi. Tafuta picha za sarafu tano sita za aina hiyo hiyo. Kama kile kitu kinabadilika kutoka sarafu hadi sarafu ni alama ya karakana, kama kimeganda pale pale kwenye zote basi ni cha ukoo, endelea nacho.

Hatua ya 4: jiulize picha inaongea kwa njia gani

Njia ya kwanza, na ninayoipenda kuliko zote, ni kucheza na jina. Warumi walikuwa wanapenda hii michezo na hawakuona aibu hata kidogo. Furius Purpurio aliweka yule konokono wa baharini anayetoa rangi ya zambarau, purpura. Publius Furius Crassipes, 84 KK, jina lake maana yake ni mguu mnene, na nyuma ya kichwa cha mama wa miungu Cybele ameweka mguu wa mtu, mguu mtupu unaelea hapo. Voconius Vitulus ana ndama, vitulus ni ndama. Pomponius Musa alitoa mfululizo mzima wa Muza tisa, miungu wa kike wa sanaa, kila mmoja na sarafu yake, halafu akaongeza Hercules kama kiongozi wao. Lucius Lucretius Trio, 76 KK, mbele ana kichwa cha jua lenye miale, sababu Lucretius inasikika kama lux, mwanga, na nyuma ana mwezi mwandamo na nyota saba, sababu zile nyota saba za kaskazini waliziita septem triones. Jina lake lote kalichora angani. Kwa hiyo kila ukisoma jina la tatu fungua kamusi ya Kilatini uone lina maana gani, dakika mbili tu, na mara nyingi umeshapata.

Njia ya pili ni ushindi wa babu. Lucius Manlius Torquatus amezungusha mkufu wa kusokotwa kwenye ukingo wa sarafu, kuzunguka kichwa cha Roma, sababu babu yao alimuua Mgalli mkubwa ana kwa ana akamvua mkufu shingoni, ndo jina Torquatus likaanzia hapo, kwa hiyo hii ni ushindi na mchezo wa jina kwa pamoja. Aemilius Lepidus Paullus, 62 KK, anaonyesha mfalme Perseus wa Makedonia na watoto wake wawili wamesimama mateka, kumbukumbu ya vita vya Pydna 168 KK. Ukiiangalia kwa lenzi wale watoto wanafika kiunoni tu mwa baba yao, na inauma kidogo kujua hiyo ilikuwa ni fahari kwa mtu.

Ya tatu ni kazi za umma: mnara wa akina Minucius kwa ajili ya babu aliyeshughulikia chakula wakati wa njaa, au yale matao ya mfereji wa maji Aqua Marcia kwenye dinari ya Marcius Philippus ya 56 KK, na chini ya matao imeandikwa kabisa AQVA MAR ili usihangaike.

Ya nne ni asili, yaani kudai umetoka kwa mfalme, shujaa au mungu. Huyo huyo Marcius Philippus upande wa mbele ana kichwa cha Ancus Marcius, mfalme wa nne wa Roma. Akina Julius wanaweka Venus, mungu wa kike wa mapenzi, mwaka 129, mwaka 103, mpaka Julius Caesar mwenyewe, jemadari aliyekuja kuishika Roma yote peke yake, kama 47 KK akaweka Venus mbele na nyuma Aeneas mwana wa Venus anakimbia Troya inayoungua, baba yake mzee amekaa begani. Kumbuka hapa hatuthibitishi kama ni kweli, tunasoma madai.

Ya tano ni mji wa nyumbani. Lucius Thorius Balbus, 105 KK, kaweka kichwa cha Juno amevaa ngozi ya mbuzi yenye pembe, na herufi I S M R, huyo ni Juno Sospita wa mji wa Lanuvium, kwao Thorius. Nyuma fahali anakimbia, kwa Kilatini taurus, inasikika karibu na Thorius. Sarafu moja njia mbili, kwa hiyo ukipata jibu la upande mmoja usifunge daftari.

Na angalizo, kuna majina ya kuasiliwa. Lentulus Marcellinus ni Cornelius kwa ukoo, ila sarafu yake ya mwaka 50 KK ina sura ya Marcellus aliyeiteka Syracuse mwaka 212 KK, na nyuma ya kichwa miguu mitatu iliyoungana katikati, alama ya Sicilia. Ukitafuta kwa akina Cornelius hutampata, ile -inus mwishoni ndo inakwambia tawi hili lilitoka kwa akina Marcellus.

Hatua ya 5: jaribu haya yote kwa tembo

Tuweke sarafu tano mezani. Ya ngao ya 127 KK tumeshaiona. Ya pili, 125 KK, C·METELLVS, mdogo wake Marcus, Jupiter, mkuu wa miungu, yuko kwenye gari linalovutwa na tembo wawili badala ya farasi. Ya tatu ni 81 KK, upande wa nyuma tembo anatembea na chini yake herufi tano, Q·C·M·P·I, yaani Quintus Caecilius Metellus Pius, jemadari. Mbele kuna kichwa cha mwanamke na mbele ya uso wake ndege, korongo. Korongo kwa Warumi ni ndege anayetunza wazazi, na mwanamke ni Pietas, uaminifu kwa wazazi, na huyu Metellus aliitwa Pius sababu alihangaika mpaka baba yake akarudishwa kutoka uhamishoni. Tembo ni wa ukoo, korongo ni wake yeye mwenyewe. Ya nne iligongwa Afrika Kaskazini 47 au 46 KK na Metellus Pius Scipio, aliyeasiliwa na huyo Pius, akiwa vitani dhidi ya Caesar, na tembo yuko tena, na safari hii alikuwa na tembo wa kweli jeshini kutoka kwa mfalme Juba.

Ya tano ina tembo anakanyaga kitu kama nyoka, chini imeandikwa CAESAR, na nyuma vyombo vya ukuhani. Caesar sio Metellus. Hapo usilazimishe ukoo, wasomi bado wanabishana tembo huyo anasema nini, andika kwenye daftari lako "sio ya Metellus" na uishie hapo. Mnyama yule yule, jina tofauti, maana tofauti, na hili ndo jaribio ninalompa kila anayeniuliza naanzia wapi.

Hatua ya 6: weka mwaka pembeni ya picha

Kuanzia miaka ya 60 na 50 KK mambo yanakuwa ya moto. Mwaka 58 KK Aemilius Scaurus aliweka mfalme Aretas wa Wanabatea amepiga magoti kando ya ngamia, na anayepigiwa magoti ni Scaurus mwenyewe, sio babu. Ya Brutus ndo inanisimamisha kila mara. Mwaka 54 KK, akiwa bado kijana wa karakana, alitoa dinari yenye kichwa cha LIBERTAS, uhuru, na nyuma yule Brutus wa kale aliyemfukuza mfalme wa mwisho wa Roma anatembea katikati ya walinzi wake wenye fimbo. Akatoa na nyingine, upande mmoja Brutus wa kale, upande wa pili Ahala, babu yake mwingine ambaye alimuua mtu aliyeshukiwa anataka ufalme. Miaka kumi baadaye, Machi 44 KK, akamchoma Caesar kisu. Dinari yake ya 42 KK ina visu viwili, katikati kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na maandishi EID MAR, yaani katikati ya Machi, siku ya mauaji. Waliokuwa wanasoma sarafu mwaka 54 walikuwa wameshaambiwa.

Hatua ya 7: linganisha, na ujihadhari na feki

Katalogi inayotumika dunia nzima ni ya Michael Crawford ya 1974, kila aina ina namba, na namba hizo hizo ziko bure mtandaoni kwenye tovuti ya CRRO (Coinage of the Roman Republic Online) ambako unaweza kutafuta kwa jina au kwa kitu kilichochorwa. Tafuta kwa jina, kisha linganisha picha zaidi ya moja.

Nilishawahi kununua mtandaoni dinari ya kijana aliyeitwa Mamilius, muuzaji ana picha nzuri na maneno matamu, ikafika nikaipima ikaja gramu 3.1. Kwenye lenzi nikaona vishimo vidogo vya hewa vimejaa kwenye uso wa picha, ile ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa, na kwenye ukingo kuna mstari kama mshono. Wiki mbili baadaye nikaiona pacha yake inauzwa, mkwaruzo ule ule shavuni, na sarafu mbili za kweli haziwezi kuwa na mkwaruzo mmoja. Pia kuna za kudanganya za enzi zile zile, ndani shaba juu utando wa fedha, ukiona rangi ya shaba inachungulia kwenye pembe ndo hizo, na zenyewe zina thamani ya historia. Usisugue sarafu kamwe, wala dawa ya meno wala limao, ule weusi uache.

Hatua ya 8: andika kadi

Kila sarafu kadi yake, hata kama unayo picha tu kwenye simu. Hii ndo kadi yangu ya Mamilius, ya kweli, niliyoipata baadaye:

Gaius Mamilius Limetanus, 82 KK, Crawford 362/1. Gramu 3.84. Ukingo umekatwa meno meno kwa patasi, ni kawaida ya aina hii. Maandishi: C·MAMIL upande mmoja, LIMETAN upande mwingine, T na A zimeunganishwa. Mbele: Mercurius, mungu mjumbe, kofia yenye mabawa, nyuma ya kichwa herufi (inabadilika, ni ya karakana). Nyuma: mwanaume mwenye fimbo na kofia ya msafiri, mbwa mbele yake. Aina ya picha: asili. Akina Mamilius wa mji wa Tusculum walidai wametoka kwa Telegonus, mwana wa Odysseus, shujaa wa vita vya Troya, na mchawi Circe, na Mercurius anaingia sababu naye yuko kwenye ukoo wa Odysseus. Mbwa ni Argos, aliyemngoja bwana wake miaka 20 na akamtambua kabla ya mtu yeyote mle nyumbani. Hali: uso wa Odysseus umefutika kwa kuchakaa. Mbwa mzima, kainua kichwa, mguu mmoja wa mbele uko juu.